Mshonaji Aliyekata Vitabu

Alizungumza midomo ikiwa imefungwa, kwa sababu pini zilikuwa humo. Ukifika mara ya kwanza kwenye barza yake, kibaraza cha mbele ya karakana, pale Mudzipela, Bunia, ungedhani amekukasirikia. Hapana, alikuwa anakupima mabega kwa macho. Lakini akianza kuzitoa zile pini, moja moja, na kuzichomeka kwenye kola ya shati lake, sisi tuliomjua tulinyamaza hata kama tulikuwa katikati ya kicheko. Tulijua kuna neno linakuja, na kwamba analiona lina uzito.

Tumemzika mwezi uliopita. Kaburini watu walisema mengi juu ya ukoo wake na kijiji alikotoka, na mengine niliyasikia kwa mara ya kwanza. Sina cha kuongeza hapo. Mimi nilimjua kwenye barza tu, kati ya mashini yake na meza yangu ya maharagi, na hayo ndiyo nitakayoyaandika. Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari nikaacha. Kama nimekosea mahali, nimekosea kwa kukumbuka vibaya, si kwa kutaka.

Meza yangu ilikuwa pembeni ya barza yake. Mvua ikinyesha nilivuta gunia langu chini ya mabati yake bila kuomba, naye hakunifukuza. Siku moja nilikuwa nasoma karatasi ambayo mteja alifungia sabuni, ukurasa uliochanika kutoka kitabu fulani cha Kifaransa. Akasimamisha mashini.

"Unasoma ao unaangalia tu?"

"Nasoma, Muzee."

"Inasema nini?"

Nikamwambia. Kulikuwa na mwanamume anavuka mto na mbuzi, na mbuzi anaogopa maji kuliko yeye. Hadithi ilikatikia hapo. Akatoa pini.

"Kifaransa yako iko ya kuchechemea," akasema, "lakini umeniambia kama mutu mwenye alikuwa kule. Jumapili, kisha ya ibada, kuja. Usilete maharagi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika lile kundi. Tulikuwa wanne. Yeye mwenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suti moja na Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi. Kijana mmoja mwendesha pikipiki ya abiria, ambaye sote tulimwita Motari kama wanavyoitwa wote wa kazi hiyo hapa Bunia. Na mimi, ambaye Motari aliniita Mama Maharagi tangu siku ya kwanza, na bado ananiita.

Lazima nieleze alivyofanya na vitabu, kwa sababu wageni walishtuka. Vitabu vilikuja kimoja kimoja, kutoka marobota ya mitumba, kutoka kwa padri aliyehama, kutoka kwa mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Kilikuwa kimoja, na sisi wanne. Watu wengine wangeazimana kwa zamu, wa mwisho angoje miezi. Yeye aliweka kitabu mezani kama kitambaa, akafumua uzi wa mgongo kwa wembe, akakigawa vipande vinne, akakishonea kila kipande jalada la kaki. Kila mtu alikwenda na chake. Jumapili iliyofuata tulikaa, na wa kipande cha kwanza akaanza kusimulia, akafuata wa pili, mpaka mwisho. Kisha vipande vyote vilirudi kwake, akakishona kitabu kizima tena, imara kuliko kilivyokuja.

Hakujali sura wala aya. Alikata pale uzi uliporuhusu. Kwa hiyo kipande kiliweza kwisha katikati ya sentensi, mtu ameinua mkono na hujui atampiga nani. Mwalimu alilalamika.

"Lakini Mzee, angalau tukate mwisho wa sura. Mwandishi aliweka sura kwa sababu."

"Mwandishi hakushona," akasema Mshonaji. "Miye nitashona."

Sheria yake moja ilikuwa kwamba usisome kwa sauti. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, na barza ilikuwa ya Kiswahili. Ulisoma nyumbani, ukakifunga, ukaja kukisema kwa mdomo wako. Ukianza kufungua kurasa alikuzuia. "Funga. Niambie yenye imebaki mu kichwa." Mimi, ambaye Kifaransa changu kilichechemea, ndiyo maana niliweza kukaa pale. Alinipa vipande vyembamba bila kusema kwamba ni vyembamba.

Sheria ya pili tuliijua siku ile ya bibi kizee. Kitabu kilikuwa cha familia moja yenye shamba la kahawa, na ndani yake kulikuwa na nyanya mmoja mkali, mwenye kuvuta tumbaku na kutukana wakwe. Motari alikuwa na kipande cha pili. Akasimulia vizuri sana, jinsi nyanya alivyougua, homa ikapanda, na asubuhi akaamka, akaomba uji, akamtukana mkwe, nyumba nzima ikafurahi. Sisi pia tulifurahi. Nilipiga makofi. Kisha Mwalimu akakohoa, akaanza kipande cha tatu.

"Siku ya tatu ya matanga, ndugu wote walikuwa wamekusanyika."

"Matanga ya nani?" nikauliza.

"Ya nyanya."

"Nyanya gani? Si amekunywa uji?"

Mwalimu akamtazama Motari. Motari akatazama pikipiki yake. Mshonaji akaanza kutoa pini, na zamu hii zilikuwa nyingi.

"Weye. Umefufua mutu?"

"Muzee, ule mama alikuwa muzuri. Nilimuonea huruma. Nilisema labda kule mbele batamusahau."

Tulicheka mpaka wateja wa jirani wakaja kuuliza. Yeye hakucheka. Alimwambia Motari asimame, arudi mwanzo wa kipande chake, na amuue nyanya sawasawa, kama ilivyoandikwa. Motari alisimama. Alianza kwa mzaha, lakini alipofika pale nyanya anapoomba kiko chake na mkono haufiki, mzaha ulikwisha, akamaliza akijifuta macho kwa kofia.

"Kitabu ulipewa ya kubeba," Mshonaji akamwambia, tena kwa upole. "Haukupewa ya kutengeneza. Kama siku moja utaandika yako, fufua batu bote."

Kabla ya kitabu, kila mtu alitoa mistari yake ya juma. Hilo alilipenda kuliko kitabu chenyewe, nadhani. Haikuwa lazima iwe ndefu, ila lazima iwe ya juma lile na iwe ya kweli. Mwalimu alileta mashairi yaliyohesabiwa mizani, vina vimepangwa kama madawati, juu ya elimu na amani. Mshonaji aliyasikiliza kwa heshima, macho yakielekea kufumba. Mara moja tu alimkatiza: "Mwalimu, hii juma haukula kitu? Haukugombana na bibi?" Jumapili iliyofuata Mwalimu alileta mistari michache juu ya soksi yake yenye tundu aliyowaficha wanafunzi wake siku nzima, na tukamwomba airudie.

Ya Motari naikumbuka moja kwa moyo:

Njia ya Mongbwalu, weye,
umekula gurudumu, umekula kiatu,
kesho utakula nani?
Mutu wangu wa nyuma anauliza kama tumefika.
Tumefika mu matope, Baba. Shuka.

Mshonaji mwenyewe alileta mara chache. Alisema ushairi wake umebaki kwenye mapindo ya watu. Lakini kuna ile moja, na siwezi kuielezea bila kusema kwanza kilichotokea.

Mke wake alipofariki, hakulia. Ilikuwa karibu na kufungua kwa shule, na kulikuwa na sare za watoto hazijakwisha. Siku ya maziko aliketi kwenye mashini asubuhi mpaka walipomwita, akaenda, akarudi, akaketi tena. Watu walisema. Mimi pia nilisema, moyoni, kwamba huyu mtu ni mkavu. Na miezi michache baadaye, kwenye kitabu kimoja, mbwa wa mchungaji akafa. Mbwa tu, tena mbwa mwizi. Mshonaji alitoa pini zote, akaziweka mezani, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia. Mwalimu alitaka kumfuata, Motari akamshika mkono. Jumapili iliyofuata, zamu yake ya mistari ilipofika, alisema hivi, bila kututazama:

Bibi yangu alikuwa anaimba akitwanga.
Nimemupatia jirani ile kinu.
Jirani anatwanga muzuri.
Jirani haimbi.

Motari aliondoka bila kuwasha pikipiki, aliisukuma mpaka barabarani.

Sitasema alikuwa mtakatifu. Alikuwa bahili wa uzi, angekuzungusha mara mbili mjini kutafuta rangi ambayo yeye anayo kwenye mkebe. Alikuwa na wivu: mshonaji mpya alipofungua ng'ambo ya barabara na mashini ya umeme, alikataa kumsalimu mpaka umeme ulipokatika juma zima na yule kijana akaja mwenyewe kuomba kukanyaga mashini ya mguu. Akampa. Halafu akatuambia, amejaa furaha kabisa, "Mumemuona? Anakanyaga kama mutu anaua mende." Na pia huyohuyo, ndugu za mke wake walipokimbia vita kule Djugu, aliwapa nyumba yote, akaja kulala kwenye karakana kati ya mapande ya vitambaa. Vitabu vikawa mito ya watoto. Nilimwambia vitaharibika. Akasema, "Baache balale. Mutoto akikojolea kitabu, nitaifua."

Sasa nifike kwenye kitabu cha mwisho, na kwenye suruali.

Mume wangu alikwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, kama wengi. Kabla ya kuondoka alinunua suruali ya kahawia sokoni, ndefu mno, akampelekea Mshonaji aipunguze. Mshonaji akampima, akachora mstari wa chaki kwenye kila mguu, akaitundika kwenye msumari ukutani. Mume wangu alisema ataichukua akirudi kwa sikukuu. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu haikupita. Mtu mmoja akasema amemwona, mwingine akasema alihama na wenzake kuelekea porini Mambasa. Motari alipokwenda huko na abiria aliuliza kwenye kila kambi, na kila mara alirudi akaniambia ukweli: "Sijamuona, Mama Maharagi. Na hakuna mwenye amesema amekufa." Sikukuu zikapita. Suruali ikabaki kwenye msumari. Mshonaji alipanga upya karakana mara nyingi, akapaka ukuta chokaa, lakini ule msumari aliuzunguka kwa brashi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mwanamke anayeuza machungwa kwenye stesheni ya treni. Mumewe alipanda treni kwenda kutafuta kazi mbali. Kila jioni treni ya kurudi inapofika, mwanamke yuko pale na beseni lake. Kati yetu Mwalimu peke yake ndiye aliyewahi kuona treni, akiwa mwanafunzi Kisangani, na tulimsumbua sana.

"Treni iko na harufu gani?" Motari aliuliza.

"Ya chuma na mafuta."

"Kama moto yangu?" akagonga tangi la pikipiki.

"Kama moto yako ingekuwa ndefu kutoka hapa mpaka sokoni."

"Basi ningekuwa tajiri."

Mwalimu alikuwa na kipande cha kwanza, Motari cha pili, mimi cha tatu, Mshonaji cha mwisho. Sijui kama alipanga hivyo. Katika kipande changu miaka imepita, mtoto amekua, majirani wamechoka kuuliza. Jioni moja ya mvua mwanamke yuko stesheni, amefunika machungwa kwa kanga, na treni inalia mbali. Mstari wa mwisho ulisema, kadiri Kifaransa changu kilivyofika: akasikia filimbi, akainua kichwa na. Kipande kikaisha hapo.

Nilisimulia mpaka kwenye ile "na". Wote tukamgeukia Mshonaji. Alikuwa na pini mdomoni, hakuzitoa.

"Bado sijamaliza," akasema.

Haikuwahi kutokea. Huyu alimaliza kitabu kabla sisi hatujaanza. Jumapili iliyofuata akasema macho yanamuuma. Nyingine alikuwa na nguo za harusi. Motari alimtania kwamba amepotea stesheni, Mwalimu akamwomba kwa maneno ya adabu, mimi nilikuja kila Jumapili nikiwa na ile "na" kifuani. Nilikuwa naosha vyombo nayo. Nilikuwa napima maharagi nayo. Nilijua ni kitabu. Nilijua pia kwamba nimeweka kitu changu ndani yake, na kwamba mtu pekee anayejua kilichotokea amekaa mbele yangu anashona kifungo.

Kisha Mwalimu akahamishiwa shule ya Mambasa. Motari akapata kazi ya kupeleka watu Nizi na Mongbwalu, Jumapili akawa njiani. Na mimi nikahamisha meza yangu soko kuu, kwa sababu watoto walikuwa wanakula zaidi. Barza ikanyamaza. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Vipande vitatu vilibaki kwake, na cha nne alikuwa nacho tangu mwanzo.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, mvua zilipoanza. Niliambiwa hashoni tena, binti yake ndiye anayekaa kwenye mashini. Nilimkuta amekaa karibu na mlango, kwenye mwanga, uso umekuwa mdogo, macho yana ukungu. Aliitambua sauti yangu.

"Mama. Umeleta maharagi?"

"Jumapili haulete maharagi, Muzee."

"Leo iko Jumapili?"

"Iko Jumapili."

Akafurahi. Tukazungumza mambo ya kila siku: bei ya makaa, goti lake, Motari ambaye ameoa mwanamke mfupi mkali anayefanana na yule nyanya wa kahawa. "Huyo hatamufufua," akasema. "Huyo hawezi kufa." Tulicheka kidogo. Halafu nikamuuliza. Sikuzunguka.

"Muzee, akainua kichwa na nini?"

Mkono wake ukapanda mdomoni. Hakukuwa na pini, lakini vidole vilichukua moja, vikaichomeka kwenye kola, vikarudi kuchukua nyingine. Nikangoja mpaka zilipokwisha.

"Nilimaliza ile juma ya kwanza," akasema. "Nilikudanganya. Sikuwa nimedanganya kitabu, nilikudanganya weye."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nimushushe ule bwana mu treni. Nilipanga yote. Nilipanga mpaka sanduku yenye atashuka nayo, na kofia. Kila Jumapili nilikuwa tayari. Halafu namuona Motari amekaa pale, nakumbuka vile nilimusimamisha mbele ya batu. Mudomo inakataa."

"Basi hakushuka."

"Ngoja. Miye ndiye nasimulia." Akanyoosha mgongo, akawa mtu wa barza tena. "Akainua kichwa na akaona mvua imeisha. Akafunua beseni. Machungwa iko moja. Akaikula. Hakuna tena kitu ya kuuza, na treni bado haijafika. Akajifuta mikono, akaweka beseni ku kichwa, akaenda nyumbani. Inaisha."

"Na bwana?"

"Kitabu haisemi. Treni ilifika nyuma yake. Labda alishuka. Labda hakushuka. Hakuna mutu alibaki kuangalia." Akaelekeza uso kwangu, ingawa sidhani aliniona. "Nilisema, nikimuambia huyu mama kwamba hata kitabu haijui, nitamuambia tena nini? Unisamehe."

Sikulia, na sijui kwa nini ninaandika hivyo. Niliona tu kwamba ile "na" haipo. Nilitazama ukutani. Suruali ilikuwa kwenye msumari wake, na vumbi kwenye mkunjo wa kiuno.

"Muzee, nipatie ile pantalo."

Binti yake akaishusha, akaikung'uta nje, akaiweka mapajani pa baba. Yeye akatafuta mguu kwa vidole, akaupata mstari wa chaki. Ulikuwa bado upo.

"Nipunguze? Binti anaweza sasa hivi."

"Hapana. Mutoto wangu amefika urefu. Iache vile iko."

Kisha akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akausugua ule mstari, mguu mmoja, halafu mwingine, polepole, mpaka nikamwambia umetoka. Akanirudishia.

Aliomba vile vipande. Binti alivitoa chini ya godoro la mtoto, vinne, majalada ya kaki yamepinda. Mshonaji akaviweka kwa mpangilio bila kuuliza, akivitambua kwa unene wake. Akaomba sindano. Nilimtilia uzi, kwa sababu tundu hakuliona. Lakini kushona hakuhitaji macho. Nilikaa na suruali mapajani nikaitazama mikono yake ikiingia na kutoka, ikivuta, ikibana, mpaka mgongo wa kitabu ukawa mmoja. Uzi akaukata kwa meno.

"Sasa enda, Mama," akasema, "mbele ya mvua kufika."

Nikaenda nyumbani. Mvua ilifika nikiwa ndani.